Herufi Zinazobaki Mkononi: Funzo la Mchezo wa Maneno Nyumbani Kwetu



 Safari hii tumeombwa tuandike kuhusu namna familia inavyoweza kutumia vizuri muda wa jioni, hasa wakati wa likizo ambapo watoto wako nyumbani na televisheni haizimwi. Sisi ni ndugu wanne, tumezaliwa na kulelewa hapa Nyamirambo, na hatuna elimu kubwa ya malezi ya kuwafundisha wengine. Tuna kisa kimoja tu cha nyumbani kwetu, kisa cha Baba na mchezo wa kupanga maneno uitwao Scrabble. Tunakisimulia kwa idhini yake. Alipousoma mswada wetu alisahihisha tahajia mahali pawili, kisha akasema, "Haya, wapelekeeni."

BOKSI LA JUU YA KABATI

Tangu tulipopata akili tulilikuta boksi lile juu ya kabati la chumba cha wazazi. Lilikuwa boksi la Kifaransa. Baba alilinunua Bujumbura enzi za ujana wake alipokuwa akiishi Buyenzi, kabla hajahamia Kigali. Ndani yake mlikuwa na ubao wa mraba wenye vyumba 15 kwa 15, yaani vyumba 225 kwa jumla, mfuko mdogo wa kitambaa, na vipande 102 vya herufi. Herufi E pekee zilikuwa 15. K, W, X, Y na Z kila moja ina pointi 10, kwa sababu Kifaransa hakizitumii sana.

Kwa wasioujua mchezo huu tueleze kwa ufupi. Kila mchezaji huchota herufi saba kutoka kwenye mfuko bila kuangalia. Kwa zamu yake huweka neno ubaoni, lililoshikana na maneno yaliyokwisha kuwekwa, halafu hujaza pengo kwa kuchota herufi nyingine. Kila herufi ina pointi zake, na baadhi ya vyumba vya ubao huongeza pointi za herufi au za neno zima mara mbili au mara tatu. Anayeziweka herufi zake zote saba kwa mkupuo mmoja hupewa zawadi ya pointi 50. Kuna pia vipande viwili vitupu, ambavyo sisi tuliviita jokeri kama Wafaransa, na ambavyo vinaweza kusimama badala ya herufi yoyote.

Baba alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari, na alifundisha kwa Kifaransa. Kifaransa chake kilikuwa cha kupigiwa mfano mtaani. Mtu akipata barua ya serikali asiyoielewa aliileta kwetu, naye Baba huisoma akiwa amesimama mlangoni, miwani puani, kisha humweleza mwenye barua kwa Kiswahili au kwa Kinyarwanda. Sisi watoto tulijivuna sana.

Kisha lugha ikabadilika. Mwezi Oktoba 2008 serikali yetu iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia mashuleni. Rwanda ilikuwa imekwisha kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2009 iliingia Jumuiya ya Madola. Hatuandiki haya kulaumu uamuzi ule. Sisi wenyewe tumefaidika nao kwa masomo na kwa kazi. Tunachotaka kusema ni hali ilivyokuwa nyumbani. Tulikuwa tukirudi kutoka shule na maneno mapya ya Kiingereza, naye Baba alikuwa akirudi na madaftari ya kujifunza maneno yale yale. Alikuwa na umri wa miaka 50. Jioni alikaa kimya. Watu wa mtaani walianza kuleta barua zilizoandikwa kwa Kiingereza, na mara ya kwanza alipomrudishia mtu barua yake akisema, "Mpelekee binti yangu," sote tulisikia, na hakuna aliyeinua uso.

BOKSI LA KAMPALA

Mwanzoni mwa mwaka 2009 mjomba wetu alikuja kutoka Kampala akatuletea zawadi ya boksi jipya, la Kiingereza. Hili lina vipande 100. E ni 12, W ni mbili, na W ina pointi nne tu. Baba aliishika ile W akaigeuzageuza kama mtu aliyepewa chenji pungufu. "Kwetu hii ni kumi," alisema.

Tulianza kucheza kila Jumamosi baada ya swala ya Isha. Tuliweka masharti tangu siku ya kwanza. Hakuna dau wala zawadi ya pesa, maana hatukutaka mchezo wa nyumbani ufanane na kamari hata kwa sura. Adhana ikisikika, herufi zinafunikwa. Na neno lisilokuwamo katika kamusi ya nyumbani linaondolewa na mwenyewe hukosa zamu yake.

Baba alishindwa. Alishindwa Jumamosi ya kwanza, ya pili na zilizofuata, miezi kadhaa mfululizo. Mwanzo tulidhani sababu ni Kiingereza chake tu. Lakini dada mkubwa, ambaye ana macho ya mhasibu, alianza kuandika kila neno la Baba na pointi zake, akagundua jambo la ajabu. Kwa zamu moja moja, Baba mara nyingi alipata pointi nyingi kuliko sisi. Aliweza kuweka neno zuri la pointi 28, kisha zamu inayofuata akapata tano, kisha nne, kisha anaweka neno zuri tena. Mwisho wa mchezo alikuwa wa nyuma.

Sababu tuliielewa baadaye. Kule Bujumbura mwalimu mwenzake Mbelgiji alimfundisha mtindo unaopendwa sana na Wafaransa na Wabelgiji, unaoitwa duplikate, ulioanzishwa na wakili wa Ubelgiji Hippolyte Wouters mwanzoni mwa miaka ya 1970. Katika mtindo ule wachezaji wote hupewa herufi zile zile saba, kila mmoja huandika neno lake kwenye karatasi, kisha neno lenye pointi nyingi kuliko yote ndilo linalowekwa ubaoni kwa wote. Zamu inayofuata wote huanza tena sawa. Kwa hiyo hakuna sababu ya kujiuliza utabaki na nini mkononi, kwa kuwa kitakachobaki kitakuwa cha kila mtu. Unatafuta neno kubwa, basi.

Lakini katika mchezo wa watu wawili au wanne, kila mmoja na herufi zake, ulichobakiza ni chako peke yako. Ukitumia herufi nzuri zote leo ukabaki na V, U na W, kesho utakula hizo hizo.

ZAMU YA WAW

Tutoe mfano mmoja ambao tunaukumbuka kwa sababu ulizua kelele. Dada mkubwa alikuwa na herufi S, E, R, A, I, W, W. Palikuwa na nafasi ya kuweka SWEAR, maana yake kuapa, katika chumba cha neno mara mbili, akapata pointi 16. Hakuweka hilo. Aliweka WAW, pointi tisa tu. Sisi wengine tukacheka, Baba akadai kamusi. Kitinda mimba wetu, ambaye wakati ule alikuwa na umri wa miaka tisa na anasoma madrasa, akasema, "Si ile herufi ya Kiarabu, wau?" Ndiyo hiyo hiyo, na Kiingereza kimeichukua.

Kwa zamu ile dada alipoteza pointi saba. Lakini alijitoa W zote mbili kwa pamoja, akabakiza S, E, R na I, herufi zinazoungana kirahisi na karibu herufi yoyote nyingine. Alipochota tatu akapata N, T na A. Zamu iliyofuata akaziweka zote saba: RETAINS. Herufi zake saba ni pointi moja moja, jumla saba, ukiongeza zile 50 za zawadi inakuwa 57 hata kabla ya kuhesabu rangi za vyumba. Na maana ya neno lenyewe ni "anabakiza".

Baba aliuangalia ubao muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mwanafunzi na si ya mzazi, "Mwanangu, ulijuaje?" Dada akamjibu kwamba hakujua. Hakuna anayejua mfukoni mtatoka nini. Alichofanya ni kujiweka mahali ambapo mambo mengi yakitokea yatamfaa. Angeweka SWEAR angebaki na I na W, na hapo angehitaji bahati kubwa ili afanye chochote.

Kuanzia siku ile mazungumzo ya Jumamosi yakabadilika. Tukaanza kufundishana kanuni ndogo ndogo. S usiitumie kwa pointi mbili tatu, maana zimo nne tu katika boksi zima la Kiingereza, na S moja inaweza kurefusha neno la mwenzako ikakupa pointi za neno lake na za lako kwa pamoja. Wachezaji wa mashindano huikadiria S kuwa na thamani ya pointi nane hivi, na jokeri kama 25, ingawa jokeri yenyewe haina pointi hata moja. Ukiwa na irabu tupu mkononi, usizidi kuzikusanya. Ukiwa mbele kwa pointi, ziba njia za ubao; ukiwa nyuma, zifungue hata kama mwenzako naye atapita, kwa sababu aliye nyuma ndiye anayehitaji mambo makubwa yatokee. Mwisho wa mchezo hesabu herufi zilizokwisha kutoka, ujue mwenzako ameshika nini.

Na kuna kanuni moja ambayo Baba aliipinga kuliko zote: ya kubadilisha herufi. Kama mfukoni bado mna vipande saba au zaidi, mchezaji anaruhusiwa kurudisha herufi zake, zote au baadhi, akachota nyingine. Lakini anakosa zamu, na anaandikiwa sifuri. Baba hakuwahi kufanya hivyo hata mara moja. "Mtu mzima hawezi kukaa mezani akaandikiwa sifuri mbele ya watoto wake," alisema akicheka, lakini tulijua kwamba hacheki kabisa.

USIKU WA QIBLA

Ulikuwa usiku mmoja wa Ramadhani ya mwaka 2009, baada ya tarawehe. Mama alikuwa ameleta chai ya tangawizi na sambusa zilizobaki futari. Baba alikuwa anaongoza kwa mara ya kwanza. Mfuko ulikuwa umekwisha, na kitinda mimba alikuwa amekwama na herufi Q. Kila anayeujua mchezo huu anajua kwamba Q bila U ni msiba: ina pointi 10, lakini usipoiweka itakatwa kwenye hesabu yako mwishoni.

Neno PANDA lilikuwa limeshuka wima mpaka mstari wa chini kabisa, na A yake imekaa pale mwisho. Mtoto akaweka Q kwenye chumba chekundu cha katikati ya mstari ule, kikifuatiwa na I, B na L, zikagusa ile A. QIBLA. Pointi 16 mara tatu, 48. Alikuwa amempita Baba.

Tukafungua kamusi ya nyumbani, ile ndogo ya wanafunzi. Haikuwamo. Sharti ni sharti. Neno likaondolewa, Baba akashinda, na mtoto akaenda kulala machozi yakimlengalenga huku akisema, "Lakini Qibla ni neno. Kila mtu anajua ni neno."

Asubuhi yake Baba alitoka mapema bila kusema anakwenda wapi. Alikwenda kwenye duka la intaneti, akalipia muda wake, akatafuta orodha ya maneno yanayokubalika katika mashindano ya Scrabble ya Kiingereza. Alirudi adhuhuri na kikaratasi. Alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: QIBLA. Chini yake: QADI, TALAQ, FAQIR. Halafu: ZAKAT, HAJJ, IMAM, HALAL. Na upande wa pili wa karatasi: SAFARI, BWANA, PANGA, UGALI, MATATU, UHURU. Yote haya yamo katika orodha ya Kiingereza.

Alimwita kitinda mimba mbele yetu sote. "Mwanangu, jana ulishinda wewe. Neno lako ni sahihi, na mimi sikulijua. Nisamehe." Kisha akafuta matokeo ya jana katika daftari na kuandika mapya kwa mkono wake.

Tumeambiwa mara nyingi kwamba mzazi akikiri kosa heshima yake hupungua. Sisi tulishuhudia kinyume chake. Mpaka siku ile Baba hakuwahi kutuuliza maana ya neno la Kiingereza. Baada ya siku ile alianza kuuliza mezani, njiani, hata tukiwa kwenye umuganda na jembe mkononi. Na sisi tulijifunza kujibu kwa adabu, bila kicheko, kwa kuwa tuliona gharama aliyolipa ili aweze kuuliza.

KUANDIKIWA SIFURI

Mwisho wa mwaka ule Baba alikuwa na uamuzi mzito mbele yake. Baba mdogo alikuwa na duka la vipuri vya magari, biashara ambayo familia nyingi za Nyamirambo zinaifahamu, naye akamwambia aache shule waingie ubia. Pesa ingeonekana mwezi wa kwanza. Upande wa pili, shule ilimpa nafasi ya kubaki, lakini kwa kuwa Kiingereza chake hakikutosha madarasa ya juu, angeshushwa afundishe kidato cha kwanza, huku akisoma Kiingereza jioni. Angepoteza masomo ya ziada ya wanafunzi wa mtihani wa mwisho, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakitulipia ada.

Wazazi walizungumza usiku kwa muda mrefu, na nyumba yetu haina kuta nene. Mama alisema, "Baba watoto, ukienda dukani mwaka huu tutakula vizuri. Lakini mwaka wa tano utakuwa umebaki na nini mkononi? Duka ni la ndugu yako, na wewe hujui bei ya hata plagi moja." Baba akasema, "Na nikibaki, nitakaa na watoto wa kidato cha kwanza, nikikosea matamshi wanicheke?" Kimya. Kisha Mama akasema, naye hajawahi kucheza mchezo ule hata siku moja, bali alikuwa akitusikia akiwa jikoni: "Si ndiyo kule kubadilisha herufi mnakogombania kila Jumamosi?"

Hatutaki kuipamba hadithi hii. Uamuzi ule ulikuwa na gharama, na aliyeilipa zaidi hakuwa Baba. Dada mkubwa alikuwa amemaliza sekondari na alitarajia kuanza chuo kikuu mwaka 2010. Bila zile pesa za masomo ya ziada haikuwezekana. Baba alimwita akamweleza yote, hesabu kwa hesabu, akamwomba ruhusa. Dada alikubali. Alikaa mwaka mzima akisaidia katika duka la yule yule baba mdogo, akaanza chuo mwaka 2011. Tukizungumza sasa anasema hakujuta, lakini anasema pia kwamba alilia, na ametutaka tuliandike hilo. Mtu akirudisha herufi mfukoni ndani ya familia, zamu inayopotea si yake peke yake. Aulize kwanza wale watakaoandikiwa sifuri pamoja naye.

Baba alifundisha kidato cha kwanza miaka miwili. Walimcheka, naye alicheka nao. Mwaka 2012 alirudishiwa madarasa ya juu, akifundisha jiografia kwa Kiingereza, na akastaafu mwaka 2019 akiwa bado ubaoni. Baba mdogo naye duka lake linaendelea vizuri, Alhamdulillah, kwa hiyo hatusemi kwamba njia ile ilikuwa mbaya. Tunasema tu kwamba haikuwa ya herufi alizokuwa nazo Baba.

MNIGERIA NA MANENO MAFUPI

Mwaka 2015 Baba alitupigia simu mmoja mmoja kwa furaha. Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa ameshinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza kule Perth, Australia, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Katika fainali alimshinda Muingereza Lewis Mackay michezo minne kwa bila, na FELTY, neno la herufi tano tu, lilimpa pointi 36. Wachezaji wa Nigeria walikuwa wamejizoeza jambo ambalo wengi walilidharau: kwamba neno fupi la herufi nne au tano, linaloacha herufi nzuri mkononi na kuufunga ubao usimfae mpinzani, mara nyingi lina faida kuliko neno refu la kujionyesha. Baba alisema, "Mmeona? WAW ya dada yenu."

Mwaka ule ule Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa bila kuzungumza Kifaransa. Alikariri orodha ya maneno. Tulipomsimulia Baba alistaajabu, kisha akasikitika kidogo. Kwake neno bila maana ni kipande cha mbao. Ndiyo maana nyumbani kwetu mpaka leo anayeweka neno huulizwa maana yake, na asiyeijua huitafuta kabla ya kuchota.

UBAO WA KISWAHILI

Mwezi Februari 2017 bunge letu lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na wiki ile Baba akatuletea wazo: kwa nini tusicheze kwa lugha yetu wenyewe? Tulijaribu kwa boksi la Kampala, tukakwama mara moja. Boksi lina K moja tu, nasi bila K hatuwezi hata kusema "kuku".

Baba akatusimulia habari za Alfred Butts, msanifu majengo wa New York aliyepoteza kazi wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930. Alikaa nyumbani akihesabu herufi katika kurasa za magazeti, moja moja, ili ajue kila moja iwekwe mara ngapi, na hivyo ndivyo mchezo ulivyozaliwa. Jina la Scrabble lilikuja mwaka 1948 kupitia James Brunot. Nasi tukafanya kama Butts. Tulichukua kurasa za gazeti la Kiswahili, tukagawana aya, tukahesabu. A ilizishinda zote kwa mbali. Q na X hatukuziona kabisa, tukazitupa. Tukakata vipande kutoka kwenye maboksi ya viatu.

Hapo tukagundua kwamba akili ya mchezo inageuka. Katika Kiingereza unalinda mwisho wa neno, kwa sababu ya S. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na hurefuka mwanzoni. Ukiweka LIMA, mwenzako anaweka M mbele anapata MLIMA, au KI anapata KILIMA. Ukiweka TU, umemfungulia mwenzako MTU, UTU, KITU na KUTU. Ukiweka UA, jiandae kwa JUA, PUA, FUA na ZUA. Kwa hiyo Mswahili anayecheza hulinda mlango wa mbele. Ilitubidi pia tukatae vitenzi vilivyonyambuliwa na kubeba viambishi vyote, kwa sababu kaka alitaka kuweka "tutakapowapelekea" kwa awamu tatu, na usiku ungeisha.

NASAHA KWA FAMILIA

Ndugu wasomaji, haya ndiyo tunayopendekeza kwa wanaotaka kuanza:

1. Wekeni masharti kabla ya mchezo, na mzazi awe wa kwanza kuyafuata.

2. Msiweke dau, hata la sambusa.

3. Mwulizeni mtoto kwa nini ameweka neno lile, si amepata ngapi. Hapo ndipo utajua anavyofikiri.

4. Mkimwona mtoto amebadilisha herufi akaandikiwa sifuri, msimcheke. Huenda ameona mbele kuliko ninyi.

5. Mzazi akishindwa, akubali. Watoto wanajifunza kushindwa kwa kumwangalia yeye.

Baba sasa ana wajukuu sita. Jumamosi bado ni siku ya ubao, na boksi la Kifaransa, la Kampala na lile la karatasi ngumu yote yako mezani. Mgeni huchagua lugha. Wiki iliyopita mjukuu wa miaka minane alikaa na herufi zake kwa dakika nyingi, kisha akazirudisha zote mfukoni na kumwambia, "Babu, niandikie sifuri." Babu yake akaiandika ile sifuri polepole, akaichora vizuri duara, akamgeuzia daftari aione.

Kwa leo tuishie hapa. Mwenyezi Mungu atuhifadhie wazazi wetu walio hai na awarehemu waliotangulia. Wabillahi tawfiq.